Sasisho Limebadilisha Zana Uliyoizoea: Kutafuta Chanzo Dalili kwa Dalili

Anayeandika programu jijini Mwanza, awe amekaa kwenye chumba cha kupanga kule Nyegezi au kwenye ofisi ya ghorofani Barabara ya Kenyatta, hukutana na tatizo hili kwa sura ileile. Jana zana ilitekeleza jambo fulani bila yeye kufikiri, kwa sababu vidole vilishalizoea. Leo asubuhi dirisha dogo limemwarifu kwamba toleo jipya limesakinishwa, na jambo lilelile ama halifanyiki kabisa, ama linafanyika kwa namna ambayo hakuiomba. Mteja anasubiri. Hasira inayomshika ni ya haki, maana zana ya kazi haikupaswa kubadilika katikati ya kazi, lakini hasira hiyo ina kasoro moja: humtafuta mchawi wa karibu. Hulaumu mtandao, hulaumu kompyuta, hufuta programu nzima na kuisakinisha upya, na toleo linalorudi huwa ni lilelile jipya lenye mabadiliko yaleyale, ila sasa pengine na mipangilio aliyoijenga kwa miaka imekwenda na maji.

Huku kwetu ugumu unaongezwa na bando. Kisakinishi cha Visual Studio Code (VS Code), kihariri cha kuandikia msimbo, peke yake kina takriban megabaiti 100, na anayenunua data kwa siku au kwa wiki huzima masasisho mpaka atakapofika mahali penye Wi-Fi. Ni uamuzi wa busara kwa mfuko, lakini una gharama yake. Kihariri hicho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoa toleo jipya karibu kila mwezi, kwa hiyo anayesasisha mara mbili kwa mwaka hupokea kwa mkupuo mabadiliko ambayo wenzake waliyapokea moja baada ya jingine, na dalili anayoiona inaweza kuwa na vyanzo viwili vilivyopandana. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata njia moja: kwanza kujua ni kitu gani hasa kilichobadilika, ndipo kuamua kama ni cha kurekebisha, cha kukubali, au cha kurudisha nyuma.

Ni kitu gani kilichosasishwa?

Kile ambacho mtu hukiita "VS Code yangu" ni tabaka kadhaa, na kila moja husasishwa kwa wakati wake: kihariri chenyewe, viendelezi vyake (programu ndogo za kukiongezea uwezo), Git inayotunza historia ya msimbo, mazingira ya lugha kama Node.js au Python, mfumo endeshi, na huduma ya mbali kama GitHub inayohifadhi miradi mtandaoni, ambayo hubadilika bila chochote kusakinishwa kwenye kompyuta yako. Viendelezi ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Mtu huapa kwamba hajasasisha chochote, na kwa upande wa kihariri anasema kweli, lakini mpangilio wa "update.mode" unatawala kihariri peke yake, ilhali viendelezi hufuata "extensions.autoUpdate", na huo aliuacha wazi tangu mwanzo.

Kabla ya kugusa chochote, andika namba za matoleo. Katika terminali, amri ya "code --version" hutaja toleo la kihariri, "code --list-extensions --show-versions" huorodhesha viendelezi pamoja na matoleo yake, na "git --version" na "node --version" hujibu kwa zana hizo mbili. Ukiwa na mwenzako ambaye kwake jambo lile bado linafanyika, mwombe atekeleze amri hizohizo na akutumie majibu kwa WhatsApp; tofauti kati ya orodha hizo mbili mara nyingi ndiyo jibu lenyewe, na mmetumia data kidogo kuliko picha moja.

Kwenye Ubuntu kuna shahidi wa uhakika zaidi. Faili la "/var/log/apt/history.log" huandika kila kilichosakinishwa au kupandishwa toleo: mstari wa "Start-Date" wenye tarehe na saa, kisha mstari wa "Upgrade:" wenye majina ya vifurushi, na kwa kila kimoja toleo la zamani na toleo jipya ndani ya mabano. Mtu anayesema "imeanza Jumatatu" hufungua faili hilo, huitafuta Jumatatu, na hukuta pale jina la kifurushi ambacho hakukumbuka kukiruhusu, kwa kuwa masasisho ya usalama yanaweza kujisakinisha yenyewe. Kwenye Windows, historia ya masasisho imo katika mipangilio ya Windows Update, ingawa haielezi sana.

Dalili: mkato wa kibodi hauitiki, au unafanya jambo lingine

Hii ndiyo dalili inayokera kuliko ukubwa wake. Chanzo chake karibu kila mara ni mojawapo ya mambo matatu: kihariri kimeipa amri mpya mkato uliokuwa wa amri nyingine, kiendelezi kimeunyakua mkato huo, au programu nyingine ya kompyuta imeudaka kabla haujakifikia kihariri.

Bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S ili ufungue orodha ya mikato ya kibodi, halafu washa kitufe cha kurekodi kilicho pembeni mwa kisanduku cha kutafutia na ubonyeze mkato unaokusumbua. Orodha itabaki na amri zote zinazoudai mkato huo, na safu ya mwisho itakuonyesha kama kila dai limetoka kwenye mipangilio ya msingi, kwako mwenyewe, au kwenye kiendelezi fulani. Ukikuta madai mawili, unaweza kuliondoa lile usilolitaka kwa kubofya kulia, kihariri kitaandika kwenye faili la "keybindings.json" kanuni yenye alama ya kutoa mbele ya jina la amri, na kanuni hiyo itaendelea kuheshimiwa katika matoleo yajayo. Ukikuta hakuna mgongano wowote na bado mkato umekufa, fungua orodha ya amri kwa Ctrl+Shift+P na uitafute "Developer: Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting". Kuanzia hapo kila kitufe unachobonyeza kitaandikwa chini ya dirisha. Ukibonyeza na pasiandikwe kitu, mkosaji hayumo ndani ya kihariri: tafuta programu ya kurekodi skrini, ya kubadilisha lugha ya kibodi, au ya kadi ya picha.

Dalili: kipengele kimetoweka kabisa

Hapa tazama kwanza sehemu ya chini kushoto mwa dirisha. Ukiona maandishi ya "Restricted Mode", hakuna kilichoharibika. Tangu toleo la 1.57 la mwaka 2021, kihariri huuliza kama unaiamini folda unayoifungua, na ukijibu kwamba huiamini, au ukilifunga swali bila kusoma, viendelezi vingi huzuiwa visifanye kazi ndani ya folda hiyo. Bofya maandishi hayo na uipe folda imani yako, mradi iwe ni kazi yako au ya mtu unayemjua, wala si mradi uliopewa na mtu kwenye flashi bila kujua umetoka wapi.

Sababu ya pili ni mipangilio iliyobadilishwa jina au kuhamishwa. Mfano ulioumiza wengi ni ule wa Python: hadi mwaka 2023 kiendelezi kikuu cha Python kilibeba ndani yake kazi ya kukagua msimbo na kuupanga, kupitia mipangilio iliyoanza na "python.linting" na "python.formatting". Kazi hizo zilitolewa na kupewa viendelezi vinavyojitegemea, kama vile Black Formatter, Flake8 na Pylint. Aliyeruka kutoka toleo la kabla ya hapo hadi la baadaye hakuona onyo lolote la kati. Aliona tu kwamba kuhifadhi faili hakupangi tena mistari. Ukifungua "settings.json" yake utaona mistari ile ya zamani imefifia rangi, na ukiweka kishale juu yake kihariri kinakwambia hakiutambui mpangilio huo. Ufifu huo ni ishara ya kutafutwa kila mara kipengele kinapopotea. Tiba kwa Python ni kusakinisha kiendelezi kinachohitajika na kukitaja kwenye "editor.defaultFormatter" ndani ya sehemu ya "[python]", kisha kuifuta mistari iliyokufa ili isimdanganye atakayekuja baadaye.

Kama hakuna mpangilio uliofifia na folda inaaminika, shuku kiendelezi. Fungua kihariri kwa amri ya "code --disable-extensions". Tatizo likiondoka, usianze kuzima viendelezi kimoja kimoja jioni nzima. Katika orodha ya amri kuna "Help: Start Extension Bisect", ambayo huzima nusu ya viendelezi, inakuuliza kama tatizo bado lipo, kisha inaigawa tena nusu yenye mashaka, hivyo hivyo hadi kibaki kimoja. Viendelezi 32 humalizika kwa takriban mizunguko mitano. Haitumii data, na ni ajabu jinsi ambavyo watu wachache wanaijua.

Dalili: umegusa mstari mmoja, lakini faili zima linaonekana limebadilishwa

Tuchukue watu wawili wanaojenga mfumo wa mauzo wa duka la nyavu na vifaa vya uvuvi pale Kirumba, mmoja yuko Mwanza na mwenzake yuko Musoma. Wa Musoma amesahihisha bei ya aina moja ya wavu, lakini orodha ya mabadiliko aliyoituma ina mamia ya mistari, na karibu yote imeongezewa alama ya mkato (,) mwishoni. Wa Mwanza anaghadhibika, anairudisha ilivyokuwa, anahifadhi. Kesho mwenzake akihifadhi, alama zinarudi.

Hapa hakuna mwenye makosa kati yao. Prettier, zana ya kupanga msimbo, ilipofika toleo la 3.0 mwaka 2023 ilibadilisha chaguo lake la msingi la "trailingComma" kutoka "es5" kwenda "all", maana yake alama ya mkato huwekwa hata baada ya hoja ya mwisho ya funksheni. Mmoja ana toleo la 2, mwenzake ana la 3, na kila kihariri kinapanga kwa imani yake. Kulipa deni hili ni rahisi: wekeni Prettier ndani ya mradi wenyewe kwa namba kamili ya toleo isiyo na alama ya "^" mbele yake katika "package.json", andikeni chaguo mnalolitaka kwenye faili la ".prettierrc", kisha mpangeni mradi wote mara moja katika badiliko moja lililo peke yake, lisilochanganywa na marekebisho ya bei. Kiendelezi cha Prettier hutumia toleo lililomo ndani ya mradi kikilikuta, kwa hiyo ugomvi huisha hata kama kompyuta zenu zinatofautiana.

Iwapo mistari yote inaonekana imebadilika na wala huoni tofauti yoyote kwa macho, chanzo ni miisho ya mistari, ambayo Windows na Linux huiandika tofauti. Faili la ".gitattributes" lenye mstari wa "* text=auto" linatosha kwa miradi mingi.

Dalili: Git inakataa jambo ililolikubali miaka yote

Git ina sifa ya kutobadilika, na ndiyo maana ikibadilika watu hudhani wao ndio walioharibu. Kuna mabadiliko manne yanayoendelea kuwanasa watu mpaka leo, hasa wanaofuata masomo ya video ya zamani.

La kwanza ni nenosiri. Ukisukuma (yaani ukituma) kazi kwenda GitHub kwa HTTPS na ukajibiwa "Support for password authentication was removed on August 13, 2021", ujumbe huo unasema kweli tupu: tangu tarehe hiyo nenosiri la akaunti halikubaliki kwa kazi za Git, na hata ulibadilishe mara ngapi halitakubaliwa. Panahitajika tokeni binafsi inayotengenezwa kwenye mipangilio ya akaunti, au ufunguo wa SSH, njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali. Kwenye Windows kuna mtego mmoja: nenosiri la zamani huwa limehifadhiwa kwenye Credential Manager, na Git huendelea kulituma bila kukuuliza. Fungua Control Panel, ingia Credential Manager, tafuta mstari wa "git:https://github.com" na uufute, safari ijayo utaulizwa upya.

La pili ni jina la tawi, yaani mkondo wa historia unaoufanyia kazi. Mwanafunzi anaandika "git push origin master" kama mwalimu wa video alivyoandika, naye anajibiwa "error: src refspec master does not match any". Repo (hifadhi za mradi) mpya za GitHub hutumia jina la "main" tangu Oktoba 2020, na Git yenyewe tangu toleo la 2.28 humruhusu mtu kuchagua jina la msingi kupitia "init.defaultBranch". Andika "git branch" uone jina la tawi ulilosimama juu yake, kisha lisukume kwa jina hilo. Tahadhari pekee ni kutolazimisha mpaka repo moja ikawa na "main" yenye faili la maelezo tu na "master" yenye kazi yote, hali ambayo nimeikuta kwenye miradi mingi ya wanafunzi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

La tatu ni "git pull", amri ya kuvuta kazi ya wenzako. Zamani amri hiyo iliunganisha matawi mawili yaliyoachana bila kuuliza. Tangu toleo la 2.27 la mwaka 2020 ilianza kutoa onyo refu ambalo karibu kila mtu alilipuuza, na mwaka 2021 onyo likageuka kuwa katazo: "fatal: Need to specify how to reconcile divergent branches". Git inataka uchague mara moja. Ukiandika "git config --global pull.rebase false" unarudisha tabia ya zamani ya kuunganisha, ukiandika "true" mabadiliko yako yatapangwa upya juu ya yale ya wenzako, ukichagua "git config --global pull.ff only" amri itasimama kila matawi yanapoachana na kukuachia uamuzi. Kwa timu ndogo yenye mtandao wa kukatika katika, ambako watu hufanya kazi siku nzima bila kusukuma, ningechagua lile la kwanza, kwa kuwa kupanga upya historia ndefu yenye migongano kunamchosha asiyezoea.

La nne ndilo lililowatia watu hasira zaidi, na ndilo lenye sababu nzuri kuliko yote. Unafungua mradi ulioko kwenye flashi au diski ya nje, au ulio chini ya folda ya seva ya tovuti, na kila amri ya Git inajibiwa "fatal: detected dubious ownership in repository". Badiliko hili liliingia na toleo la 2.35.2 mwezi Aprili 2022 ili kuziba tundu la usalama lililopewa namba CVE-2022-24765: katika kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, mtu angeweza kuweka folda ya ".git" yenye mipangilio ya hila katika folda ya juu, na yeyote ambaye angetekeleza Git chini yake angeendesha amri za mtu huyo bila kujua. Fikiria maabara ya kompyuta ya chuo, na utaelewa kwa nini waliliziba. Sasa Git hukataa folda ambayo mmiliki wake si wewe. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hauandiki umiliki kabisa, kwa hiyo kwenye Windows Git haina namna ya kujua kwamba ni yako. Itaje folda hiyo kwa jina: "git config --global --add safe.directory" ikifuatiwa na njia kamili ya folda, ujumbe wa kosa wenyewe huichapisha amri hiyo ikiwa tayari kunakiliwa. Wapo wanaoshauri kuweka alama ya nyota badala ya njia ili kuruhusu kila folda. Hiyo ni kulifungua tena tundu lililozibwa, na kwenye kompyuta ya kushirikiana haifai.

Dalili: mradi wa zamani haujengeki, au pip inakataa kusakinisha

Haya mawili yana majibu mafupi. Ukiona "error:0308010C:digital envelope routines::unsupported", umehama kutoka Node.js 16 kwenda 17 au zaidi, ambako OpenSSL 3, maktaba yake ya usalama, imekataa njia ya zamani ya kutengeneza alama ya utambulisho wa data (hashi ya MD4) inayotumiwa na webpack 4, zana ya kufungasha msimbo wa tovuti. Dawa ya kudumu ni kuupandisha mradi hadi webpack 5; ya muda ni kuweka "NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider" au kurudi Node.js 16 kwa kutumia nvm, zana ya kubadilisha matoleo ya Node.js. Ukiona "externally-managed-environment", uko kwenye Debian 12, Ubuntu 23.04 au matoleo ya baadaye, ambako pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, hairuhusiwi kugusa Python ya mfumo. Tengeneza mazingira ya mradi kwa "python3 -m venv" na usakinishe ndani yake. Chaguo la "--break-system-packages" limepewa jina linalojieleza.

Kurudi nyuma bila kujifunga

Kuna siku ambapo kazi lazima iishe jioni na hakuna muda wa kuchunguza. Kwa kiendelezi, bofya kulia jina lake katika orodha na uchague kusakinisha toleo maalumu. Zima kujisasisha kwa kiendelezi hicho pekee. Kwa kihariri, njia ninayoipenda ni ya kubebeka: pakua toleo la zamani kwa faili la ZIP, lifungue, tengeneza ndani yake folda tupu yenye jina la "data", na utakuwa na kihariri kinachojitegemea, chenye mipangilio yake na viendelezi vyake, kando ya kile kipya. Hifadhi ZIP hiyo kwenye flashi pamoja na viendelezi muhimu katika umbo la VSIX (faili la kusakinishia kiendelezi), na siku bando limeisha utaweza kurudi nyuma bila kupakua hata kilobaiti moja. Kwenye Ubuntu, "sudo apt-mark hold" ikifuatiwa na jina la kifurushi hukizuia kisipandishwe. Andika mahali tarehe uliyokizuia na sababu yake, kwa sababu zuio lililosahaulika ndilo linalozaa mruko wa matoleo kumi.

Dalili: kihariri hakiunganishi tena na seva ya mteja

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu hapa kurudi nyuma hakutoshi. Turudi kwa lile duka la Kirumba: chini ya kaunta kuna kompyuta ya zamani yenye Ubuntu 18.04 inayoendesha mfumo wa mauzo, na fundi wake huiingia akiwa nyumbani Buswelu kupitia Remote-SSH, kiendelezi cha kuhariri faili zilizoko kwenye seva. Baada ya sasisho, kihariri kinagoma na kusema seva haitimizi masharti. Akiingia kwa SSH ya kawaida kwenye terminali, inakubali vizuri. Kwa hiyo mtandao ni mzima na ufunguo ni mzima.

Mambo yanakwenda hivi. Remote-SSH hupeleka kwenye seva sehemu ya pili ya kihariri, inayowekwa kwenye folda ya ".vscode-server", na sehemu hiyo lazima ilingane na toleo lililoko kwako. Ukisasisha kompyuta yako umesasisha na upande wa pili pia, utake usitake. Toleo la 1.86, lililotoka mwanzoni mwa 2024, lilianza kudai glibc, maktaba ya msingi ya Linux, ya toleo la 2.28 au ya juu zaidi kwenye seva, wakati Ubuntu 18.04 ina 2.27 na CentOS 7 ina 2.17. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba sahihisho lililofuata lilitoa muda wa nyongeza, lakini muda huo ulikwisha na toleo la 1.99 la Machi 2025. Thibitisha kwa "ldd --version" kwenye seva; mstari wa kwanza unamalizika kwa namba unayoitafuta. Ukiwa huko, tazama pia ukubwa wa ".vscode-server", maana sehemu za matoleo ya zamani zinaweza kurundikana na kuijaza diski ndogo, na diski iliyojaa nayo huzuia muunganisho kwa ujumbe usioeleweka.

Kwa leo, kihariri cha kubebeka cha toleo la 1.85 kitaunganisha, au fundi anaweza kuhariri kwenye kompyuta yake na kusukuma kazi kwa Git. Lakini msaada wa kawaida wa Ubuntu 18.04 ulikwisha mwaka 2023, na mashine inayoshika fedha za duka haipaswi kubaki hapo. Njia ya kuipandisha hupita 20.04 kwanza, kisha 22.04, haiwezekani kuruka, na kila hatua hupakua data nyingi, kwa hiyo inapangwa siku duka limefungwa na nakala ya kanzidata imeshatolewa nje ya mashine.

Mama mwenye duka aelezwe mapema kwamba safari hiyo ina dalili zake pia. PHP, lugha ya mfumo huo wa mauzo, itatoka 7.2, ipite 7.4, ifike 8.1, na tangu 8.1 mysqli, kiunganishi chake na kanzidata, hurusha kosa papo hapo badala ya kurudisha jibu la "false" kimya kimya. Ukurasa uliokuwa ukiandika "hakuna rekodi" pale hoja ya kanzidata iliposhindwa sasa utakuwa mweupe au utatoa kosa la 500, kwa sababu mstari wa "if (!$jibu)" haufikiwi tena. Kuweka "mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);" kabla ya kuunganisha kunarudisha tabia ya zamani wakati unazirekebisha kurasa moja moja kwa "try" na "catch"; zianze zile za risiti na za kufunga hesabu za jioni, na zijaribiwe kwenye nakala ya mfumo iliyoko Buswelu kabla ya kugusa ile ya chini ya kaunta.